Koti Kwenye Kiti

Mdogo wangu alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka. Herufi zake bado zipo mtaani kwetu: duka la dawa, kinyozi, fundi viatu. Herufi ya mwisho ya kila neno aliinyanyua mkia kidogo, kama kuku anayetaka kuruka. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia, "Dada, neno likiisha ghafla msomaji anajikwaa." Watu walimwita Rangi kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Siku hizi nikipita mbele ya kinyozi natazama chini.

Naandika haya nisije nikasahau yalivyokuwa. Nimegundua kwamba hata hasira usipoitunza inapauka, kama bango lililopigwa jua.

Ugonjwa wake ulianza kwa kukosa usingizi. Baadaye akawa anasikia makopo ya rangi yakimtukana. Alipoanza kusema kwamba afadhali afe apumzike, mama na mimi tulimpeleka hospitali, wodi ya wagonjwa wa akili. Daktari alisema asiachwe peke yake hata kidogo. Wenyewe wanaita uangalizi wa karibu: mhudumu anawekewa kiti mlangoni mwa chumba, anakaa hapo zamu nzima akimtazama mgonjwa mmoja tu. Akitaka kutoka, anaita mwenzake ashike kiti. Hiyo ndiyo kazi yote. Haihitaji nguvu wala akili nyingi, inahitaji kukaa.

Mara ya kwanza tulipokwenda kumtazama tulimkuta kitandani anacheka.

"Mama," akasema, "mimi nalindwa na koti."

"Koti gani, baba?"

"Hilo hapo. Tangu asubuhi naliamkia shikamoo, haliitikii. Lina kiburi kama karani."

Kwenye kiti cha mlangoni lilikuwa limetundikwa koti la kahawia lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Mtu hakuwepo. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, kwa furaha ya kumsikia mwanawe anatania tena. Mwenye koti akaja baadaye kidogo, mwanamume mwenye sauti ya upole. Mama alimuuliza alikuwa wapi. "Hapa hapa nje tu, mama yangu. Usiwe na wasiwasi."

Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nimebeba mashati safi na sabuni. Koti lilikuwepo kwenye kiti. Kitanda kilikuwa kitupu. Rangi alikuwa bafuni.

Nilichokikuta bafuni sitakiandika. Nitaandika koti. Lilikuwa limetundikwa vizuri, mabega yamenyooka, kama mtu anayemaliza zamu yake bila kusinzia.

Hospitali iliunda kamati. Tuliitwa kwenye chumba chenye meza ndefu, mama akiwa mbele na mimi nyuma yake, mtandio umenifunika uso. Mhudumu alisema alikuwepo, aligeuka mara moja tu. Mkuu wa wauguzi, ambaye wote walimwita Sista Mkuu, alisema alipita mara mbili kwenye korido na mara zote alimwona mhudumu mahali pake.

"Ulimwona yeye au uliona koti lake?" mama akauliza.

"Nilimwona."

Mama akawasimulia maneno ya Rangi, kwamba analindwa na koti. Mwenyekiti wa kamati alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikilizwa mtoto. Kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini marehemu alikuwa akisikia makopo yakiongea. Leo koti, kesho lingekuwa kofia."

Wakafunga mafaili yao. Njiani mama hakulia. Tulipofika karibu na nyumbani alisimama akasema, "Wamemfanya mwanangu mwongo hata kaburini."

Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani. Nilitaka ukweli wa Rangi utoke kwenye midomo ile ile iliyoukana. Tena utoke kwa maumivu.

*

Hospitali ilipotangaza mafunzo ya wasaidizi wa afya ya akili, watu wa kukaa na wagonjwa wodini na kuwatembelea majumbani, tangazo lilibandikwa getini. Walitaka mtu aliyemaliza sekondari, mwenye moyo wa subira. Mwalimu wa vitendo alikuwa mhudumu mwenye uzoefu mkubwa. Palikuwa na picha yake. Alikuwa amevaa koti lile.

Nilimwambia mama jioni ile ile, tukichambua mchele.

"Unakwenda kusoma au unakwenda kuwinda?"

"Vyote, mama."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Simba mwendapole ndiye mla nyama."

"Eti simba! Wewe ambaye panya akipita unapanda juu ya meza." Alipepeta ungo wake, makapi yakaruka. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Ukifika, kaa mbele. Wanaokaa nyuma hawaoni kitu."

Nilikaa mbele. Hakunijua. Wodini na siku ya kamati alikuwa akimtazama mama, na mimi nilikuwa mtandio tu.

Darasa letu lilikuwa chumba cha zamani cha mazoezi ya viungo, kina harufu ya mpira na dawa ya kusafishia sakafu. Upande wangu wa kulia alikaa Afande, polisi mstaafu, na kushoto Msusi, aliyefunga saluni yake baada ya kugundua kwamba wateja walikuja zaidi kulia kuliko kusukwa. Kila asubuhi Mwalimu aliingia, akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti chake, akalinyoosha mabega.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alifundisha vizuri. Alitufundisha kukaa karibu na mlango bila kuuziba, na kusimama kiubavu mbele ya mtu aliyekasirika. Tusimwambie mtu "najua unavyojisikia," kwa sababu hatujui. Tumuulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii mtu wazo, linamwondolea upweke wa kuwa nalo.

"Na mgonjwa akisema jambo la ajabu," alisema siku moja, "usimcheke wala usimpinge. Muulize ana maana gani. Mara nyingi kuna kitu cha kweli ndani yake."

Nililiandika hilo kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Halafu kulikuwa na zoezi la viti. Viti viwili vinatazamana. Mmoja anakaa cha msaidizi, mwingine cha mgonjwa, na mgonjwa anajitungia taabu yake. Sheria yake Mwalimu aliitunga mwenyewe na alijivunia.

"Mgonjwa ndiye mwenye mwisho," alisema. "Akihisi amesikika kweli kweli, anainua mkono. Kabla ya hapo msaidizi habanduki. Hata nyumba ikiungua."

"Hata ikiungua?" Afande akauliza. Afande alikuwa mtu wa kutaka amri iwe wazi.

"Ikiungua mnatoka wote wawili, huku mnaendelea kuzungumza."

Tukacheka. Wa kwanza walikuwa Afande na Msusi. Afande alikaa kiti cha msaidizi, akakunja uso, akanguruma, "Taja jina lako kamili na unapoishi!"

"Afande," Mwalimu akasema, "huyu ni mgonjwa, si mtuhumiwa."

Msusi akainua mikono yote miwili. "Mwalimu, nimepona ghafla. Naomba niende nyumbani."

Nilicheka pia, nilikuwa binadamu. Lakini usiku wa akili yangu ulikuwa umeshapata taa. Nilijua nitafanya nini. Kuanzia siku hiyo, kila zoezi la viti nilijitolea kuwa msaidizi. Kiti cha mgonjwa sikukigusa. Nilikuwa nakiweka akiba.

Kwa kukaa upande wa msaidizi kila mara, nikawa hodari. Walipotupeleka wodini kwa mazoezi nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa hasemi na mtu. Nilikaa tu. Siku moja akanishika kidole gumba, akakishikilia mpaka chakula cha mchana kikaletwa. Nilirudi nyumbani kama niliyebeba yai mfukoni. Nilidhani huruma ile itaifukuza hasira. Wapi. Zilikaa pamoja kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake, na wa hasira ndiye aliyekuwa mke mkubwa.

*

Siku ya mwisho ya mafunzo Sista Mkuu alikuja kututazama. Yeye ndiye aliyekuwa anaamua nani apewe cheti. Alikaa nyuma kabisa, magoti pamoja, uso wa mtu aliyezoea kuogopwa. Mwalimu alitaka kung'ara.

"Leo msaidizi ni mimi mwenyewe," akasema. Akavuta kiti chake mpaka katikati ya chumba, koti likiwa limetundikwa mgongoni pake kama kawaida. "Nani atakuwa mgonjwa?"

Wote wakatazama viatu vyao.

"Mimi," nikasema.

"Hatimaye!" akasema, na darasa likapiga makofi kidogo. Nikakaa. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana.

"Karibu," alianza kwa ile sauti yake ya upole. "Mimi ni msaidizi hapa. Nimekuja kukaa na wewe. Ungependa nikuite nani?"

"Niite Rangi."

Uso wake haukubadilika. Labda alikuwa hajawahi kulijua jina lile. Wodini alikuwa mgonjwa wa chumba cha mwisho.

"Unaendeleaje leo, Rangi?"

"Silali. Makopo yananitukana."

Mtu akaguna kicheko nyuma. Mwalimu hakucheka, alikuwa fundi. "Yanasema nini?"

"Kwamba nitaachwa peke yangu."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona yanasema kweli. Kuna mtu ametumwa anilinde. Anafika, anakaa mlangoni, halafu anakwenda zake ananiachia koti."

Aligeuza kichwa kidogo kuelekea mgongo wa kiti chake.

"Koti," akasema.

"La kahawia. Viwiko vina viraka. Tangu asubuhi naliamkia shikamoo, haliitikii."

Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu koti lenyewe lilikuwa pale pale. "Mwalimu, mgonjwa kakutaja!" Msusi akapiga kelele.

Mwalimu alikuwa hacheki. Alinitazama usoni, na nikajua kwamba tangu mafunzo yaanze alikuwa hajanitazama. Alikuwa anatafuta uso huu aliuona wapi. Mama husema mimi na Rangi tulichongwa paji moja. Akalipata.

"Tuishie hapo," akasema. "Muda umekwisha."

"Samahani, Mwalimu," Afande akasema, bila ubaya wowote, "mgonjwa hajainua mkono."

"Nimesema tuishie hapo."

"Hata nyumba ikiungua, Mwalimu. Ni maneno yako."

Wengine wakaitikia: "Kweli, ni maneno yako." Walidhani bado ni mchezo. Mwalimu akatazama nyuma alikokaa Sista Mkuu, akarudisha macho, akaegemea tena kiti. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Nitasema kweli, kwa kuwa naandika ili nikumbuke: nilisikia utamu. Nilisikia utamu mpaka kwenye fizi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na mimi nilikuwa na mkuki na nguruwe alikuwa mbele yangu, amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

"Hukuniuliza," nikasema, "kama nafikiria kujiua. Unawafundisha watu waulize wazi. Mimi hukuniuliza hata siku moja. Ungeniuliza ningekwambia. Niulize sasa."

Alifungua mdomo. Maneno yale aliyotusomesha kila siku hayakutoka.

"Basi niambie ulikuwa wapi."

Hata Msusi alikuwa ameacha kucheka.

"Nilikuwa bafuni nakungoja," nikasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Akasimama. Kiti kilisota nyuma kikakwaruza sakafu. "Nakwenda kunywa maji," akasema, akatoka. Mlango ukajifunga polepole wenyewe.

Koti likabaki kwenye kiti.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. Niliinama mbele nikaliambia koti, "Shikamoo." Nikangoja kwa adabu, kama unavyomngoja mkubwa aitike. "Haya, usiitike. Lakini Sista akipita, nyoosha mabega akuone. Mama yangu akimuuliza, aseme ulikuwepo."

Nikasikia sauti ya Sista Mkuu nyuma, ndogo, si ile sauti yake ya korido.

"Niliona koti."

"Unasemaje, Sista?" Afande akauliza.

"Siku ile. Nilipita mara mbili nikaona koti. Sikuona mtu." Akanyanyuka, akatembea mpaka kwenye kiti. Hakukikalia. Alilitoa koti, akalikunja, kisha akabaki amelishika asijue aliweke wapi. "Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

"Na yule mama?"

"Bado yuko. Bado anangoja."

*

Kamati ilikaa tena. Sista Mkuu alikwenda mwenyewe kusema alivyodanganya, ingawa alidai kwamba siku ile aliamini anasema kweli, kwa kuwa kwa miaka yote ukiona koti ilihesabika umemwona mtu. Wahudumu wote walikuwa wakifanya hivyo na kila mtu alijua. Yule mwenyekiti alimwita mama, safari hii hakuinamisha kichwa upande.

"Mama, mwanao alisema kweli."

"Mimi nilijua," mama akajibu. "Nilitaka nyinyi mjue."

Mwalimu alifukuzwa kazi. Sista Mkuu alishushwa cheo, lakini kabla ya kuachia ofisi alipiga marufuku nguo yoyote kutundikwa kwenye viti vya wodini. Sheria hiyo bado ipo. Wakati wa baridi wahudumu hukaa wamepakata makoti yao kama watoto wachanga, wananung'unika, wengi hawajui ilitoka wapi.

Cheti Sista Mkuu alikuwa amenikatalia. Aliniita ofisini akasema, "Kiti cha mgonjwa ulikigeuza kizimba. Kama mgonjwa wa kweli angekuwa amekaa pale darasani anatazama, angejifunza nini?" Nilirudia mazoezi na kundi lililofuata, nikapata cheti mwisho wake. Bibi yule aliyenishika kidole alikuwa ameshakwenda kwao.

Halafu Mwalimu akaja nyumbani.

Ilikuwa mchana, mvua ya manyunyu. Alikuwa hana koti, shati limemganda mabegani. Mama alimkaribisha, akampa kiti, akampa chai, kwa sababu mama hawezi kumwona mtu amelowa akamwacha. Mimi nilivuta kiti changu nikakaa mbele yake.

Alizungumza bila kuulizwa. Alikuwa nyuma ya jiko la hospitali na mtunza stoo, wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ilikuwa desturi yao ya mchana.

"Siku zote nilikuwa nacheza mchezo mmoja narudi," akasema. "Siku ile nilikuwa nashinda. Ndiyo maana sikurudi."

Mama alifumba macho.

Aliendelea. Alisema anamwona Rangi kila anapofumba macho. Alisema kwamba darasani, kila alipofundisha watu kukaa, alikuwa anajifundisha mwenyewe. Alisema samahani, kwa mama kwanza, kisha kwangu. Sikumkatiza. Nilikaa alivyonifundisha, mikono imefunguka, mwili umeinama mbele kidogo. Nadhani hajawahi kusikilizwa vile maishani mwake.

Akamaliza. Chai ilikuwa imepoa bila kuguswa. Ndipo nikaona anatazama mkono wangu wa kulia.

Mama naye akautazama. "Mwanangu," akasema taratibu, "mtu kazungumza."

"Nimemsikia, mama."

"Basi?"

Mvua iliongezeka kwenye mabati, kisha ikapungua. Alingoja. Alijua sheria, yeye ndiye aliyeitunga: mgonjwa ndiye mwenye mwisho, na tangu darasani mgonjwa nilikuwa mimi. Mkono wangu ulikuwa mapajani. Sikuuficha, niliuacha pale auone vizuri.

Mwisho wake akasimama, akamshukuru mama kwa chai ambayo hakuinywa. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni na kumpa mwavuli wetu. Mlinzi wa Rangi akaondoka kwa mara nyingine kabla hajaruhusiwa.

"Mimi nimemsamehe," mama akasema aliporudi. "Wewe je?"

Nikachukua kikombe nikaenda kukiosha.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Kuna binti kwenye chumba cha mwisho, anasema ukuta unapumua. Nitakaa naye mlangoni, nitamuuliza ukuta unapumua vipi, na sitabanduka mpaka ainue mkono wake. Wangu bado uko mapajani.